Mlango wa Pari Ni Simu

Kamari si jambo geni kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Kilicho kipya ni mahali inapochezewa. Zamani mtu wa Kavimvira au Kalundu, hapa Uvira, aliyetaka kuweka pari kwenye mechi ya Ulaya alilazimika kutoka nyumbani, kufika kibandani, kusimama mbele ya watu wanaomjua, kutoa noti mfukoni na kurudi na karatasi. Leo hayo yote yanafanyika kitandani saa nane za usiku, bila jirani kuona, na noti imegeuka kuwa tarakimu kwenye pochi ya simu. Serikali za eneo letu zimeanza kushtuka. Uganda, kwa sheria yake ya 2016, ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25. Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025, na Agosti mwaka huohuo Rais Ruto akatia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Mjadala huo utafika Kongo, na ukifika, Uvira inapaswa kuwa na la kusema. Langu ni hili: kizuizi kinachomsaidia mchezaji ni kile kinachowekwa kwenye njia ya pesa, kati ya pochi ya simu na mchezo. Kinachomwandama mchezaji mwenyewe kwa kodi, kwa msako au kwa kufunga vibanda humuumiza bila kumwokoa.

Tuanze na hesabu ya tiketi, kwa sababu wengi wanaobishana kuhusu pari hawajawahi kuipiga. Chukua pari yenye matokeo mawili tu, kila moja likiwa na nafasi sawa na lingine. Kwa haki, anayeweka franka 1,000 angelipwa 2,000 akishinda. Kampuni huweka odi ya 1.90, yaani atalipwa 1,900. Franka 100 iliyobaki ndiyo riziki ya kampuni, nayo kwa pari moja ni asilimia 5 ya pesa yote. Makato hayo yanaonekana madogo. Lakini vijana wengi hawatosheki na mechi moja; wanapanga mechi kumi kwenye tiketi moja kwa kuwa zawadi yake inavutia. Kwa odi hiyohiyo ya 1.90, tiketi ya mechi 10 iliyonunuliwa kwa franka 1,000 italipa karibu franka 613,000. Macho yanabaki kwenye 613,000, na swali la nafasi halijitokezi. Nafasi ni 1 kati ya 1,024. Kwa haki tiketi hiyo ingelipa 1,024,000. Yale makato ya asilimia 5 yamejirudia mara kumi hadi yakafika karibu asilimia 40. Kuujua mpira kunasaidia kidogo, ila wanaopanga odi wanaujua pia, tena kwa msaada wa kompyuta na takwimu za ligi nzima, na makato yao yanaongezwa juu ya ujuzi huo.

Hata hivyo mechi ina dakika 90, na muda huo peke yake ni breki. Hatari kubwa zaidi imekuja na michezo ya haraka, hasa ule wa ndege unaoitwa Aviator. Kindege kinapaa, namba inapanda, na mchezaji anatakiwa kutoa pesa yake kabla kindege hakijatoweka. Watengenezaji wake wanasema mchezo unarudisha asilimia 97 ya pesa iliyowekwa, na kwa sikio la kawaida hiyo ni afadhali kuliko tiketi ya mpira. Tatizo ni kasi. Tuseme mruko mmoja unachukua nusu dakika na mtu anaweka franka 500 kila mruko. Kwa saa moja ataruka mara 120, na franka 60,000 zitakuwa zimepita mkononi mwake hata kama alianza na 10,000 tu, maana alichoshinda anakirudisha mchezoni. Asilimia 3 ya 60,000 ni 1,800 kwa saa, na huo ni wastani tu: yupo atakayetoka na faida, na yupo atakayemaliza pochi ndani ya dakika kumi, kisha aongeze pesa nyingine ili afukuzie iliyopotea. Ni hapo, kwenye kuongeza ili kufukuzia, ndipo starehe inapogeuka ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022. Mgonjwa huyo hapungukiwi akili wala maadili. Anapungukiwa muda wa kupumua kati ya hasara moja na nyingine, na muda huo mchezo umeundwa usimpe.

Sasa tuangalie vizuizi vilivyokwisha kujaribiwa. Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin, na kuamuru namba zao za malipo ya simu zifungwe. Mwaka huohuo ikaja kodi ya asilimia 20 juu ya kila pari. Mwishoni mwa Septemba SportPesa ilifunga shughuli zake nchini, na vilabu vya soka vya Gor Mahia na AFC Leopards vilikuwa vimeshapoteza mfadhili. Je, Wakenya waliacha kubeti? Walihamia kampuni zilizobaki. Katikati ya 2020 kodi ile ikafutwa, na kabla mwaka haujaisha SportPesa ikarudi. Kodi ya pari ilirejea baadaye kwa asilimia 7.5, ikapanda hadi 12.5, kisha 15, na mwaka 2025 ikabadilishwa kuwa asilimia 5 ya pesa inayoingizwa kwenye akaunti ya kamari. Somo ninaloliona katika safari hiyo si kwamba kamari haizuiliki. Ni kwamba kodi juu ya pari ni makato mengine juu ya makato ya kampuni: inamfanya mchezaji apoteze haraka zaidi, na inaifanya serikali iwe mbia wa hasara yake. Hazina inayokula kutoka sahani hiyo haina haraka ya kuona sahani inapungua. Kongo, yenye bahati nasibu yake ya taifa, SONAL, ijihadhari na mtego huohuo.

Njia nyingine ni ukomo wa kiasi na wa kasi. Uingereza mwaka 2025 iliweka ukomo wa pauni 5 kwa kila mzunguko wa mashine za mtandaoni, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Ubelgiji, ambayo sheria zake ndizo mzizi wa nyingi za kwetu, imeweka ukomo wa euro 200 kwa wiki kwa kila mchezaji kwenye kila tovuti, ikapiga marufuku sehemu kubwa ya matangazo mwaka 2023, na Septemba 2024 ikapandisha umri hadi miaka 21. Ina pia daftari la taifa ambamo mtu anaweza kuandikisha jina lake mwenyewe ili asiruhusiwe kucheza popote. Uzuri wa vizuizi vya aina hii ni kwamba havimgusi kila mtu kwa uzito mmoja. Anayeweka pari ndogo Jumamosi hataufikia ukomo, huenda hata asijue kwamba upo. Anayeufikia ni yule anayefukuzia. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hizi hutoka kwa wachezaji wachache wanaopoteza sana, na ndiyo maana ukomo huzigusa kampuni kuliko vita dhidi ya vibanda.

Je, haya yanawezekana Uvira? Katika hili mji wetu umeitangulia sheria, ingawa kwa sababu za uchungu. Wakati Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, benki zao zilifunga milango, na watu wengi wakabaki na pesa ya simu tu. Serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na Desemba mwaka huohuo Uvira nayo ikaingiliwa. Mama muuza ndagala, dereva wa taksi-moto, mwalimu anayesubiri mshahara, wote wanapitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Maana yake ni kwamba pesa ya pari mtandaoni inapita kwenye milango michache inayojulikana, nayo iko chini ya uangalizi wa Benki Kuu ya Kongo. Serikali haihitaji kufukuzana na tovuti mia moja zilizosajiliwa visiwa vya mbali. Inahitaji kuziambia kampuni za simu: pesa inayokwenda kwenye kamari iwe na ukomo wa siku unaojumlisha tovuti zote, isiruhusiwe kuongezwa tena kabla ya saa kadhaa kupita, na mtu akiomba namba yake ifungiwe pari kwa mwaka mzima, ombi lake litekelezwe siku hiyohiyo. Lakini tahadhari moja haina mjadala: mlango huohuo ndio unaoingiza pesa ya dawa na ya chakula kutoka kwa ndugu walio mbali. Kizuizi kinachofunga laini nzima ya mtu kwa sababu ya kamari kingekuwa ukatili.

Suala la watoto ni gumu zaidi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kitambulisho tunachokitegemea ni kadi ya mpiga kura, ambayo kwa kawaida inamaanisha mwenye nayo ni mtu mzima. Lakini laini nyingi za simu zimeandikishwa kwa kadi ya mtu mwingine, na mtoto anayechezea simu ya baba anaonekana kwenye mtandao kuwa ni baba. Kuuliza umri wakati wa kufungua akaunti hakutoshi. Namba ya siri ya pari anayoijua mwenye simu peke yake, ikiombwa kila pesa inapotaka kwenda kwenye pari, ingemzuia mtoto, na hiyo ni kazi ndogo kwa kampuni inayotutumia ujumbe wa promosheni kila asubuhi.

Wapo watakaosema pesa ni ya mtu na kila mtu mzima ana haki ya kuitumia apendavyo. Nakubali, na ndiyo sababu sitetei marufuku. Ila uhuru wa kuchagua unahitaji nafasi ya kufikiri, na mchezo uliotengenezwa kuiondoa nafasi hiyo hauwezi kujitetea kwa jina la uhuru. Wengine watasema kwamba katika nchi ambamo mwaka 2024 zaidi ya asilimia 70 ya watu walikadiriwa kuishi chini ya dola 2.15 kwa siku, tiketi ndiyo tumaini pekee la kijana asiye na kazi. Pingamizi hili linastahili heshima kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wenye njaa. Jibu lake liko kwenye ile nafasi ya 1 kati ya 1,024. Anayehitaji mtaji wa kununua nyavu au pikipiki hawezi kuupata kwenye hesabu ambayo imepangwa imchukulie kidogo kila siku. Anachopata ni kuchelewa kuuwekea akiba.

Pingamizi la mwisho ni la mpaka. Bujumbura iko karibu mno, mawimbi ya simu hayasimami Ruzizi, na wapo Uvira wanaobeba laini za pande zote mbili. Kinshasa ikiweka ukomo peke yake, anayefukuzia hasara atabadilisha laini. Ni kweli, lakini ziwa hili limewahi kutufundisha kushirikiana. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, zikaunda mamlaka yenye makao Bujumbura, na kwa makubaliano ya nchi hizo nne uvuvi umekuwa ukisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, maana samaki anayeachwa Kalundu angevuliwa Kigoma. Tangu 2022 Kongo na Burundi zimo pia ndani ya jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Benki kuu za nchi hizi zikikubaliana kuhusu ukomo mmoja wa pesa ya pari, laini ya pili mfukoni haitakuwa na faida tena, na kazi hiyo inaweza kuanza kwa barua kutoka Kinshasa kwenda Bujumbura bila kusubiri sheria kamili ya kamari.