Wauaji Hawakurogwa

Kila tamthilia ya kisayansi inapogusa udhalimu, swali huwa lilelile: je, itafika siku mashine itawaingia watu akilini na kuwafanya wauaji? Swali hili limechosha, na lina hatari, maana linawaandalia wadhalimu udhuru kabla hata hawajashtakiwa. Ushahidi unaotolewa karibu kila mara ni “Men Against Fire”, kipindi cha Black Mirror cha mwaka 2016. Ndani yake askari wamepandikizwa kifaa kichwani, na wakimtazama mtu wa kundi linalowindwa wanaona zimwi, nao humwita mende. Mtazamaji wa Rwanda hahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwaita Watutsi jina hilohilo. Basi watu hukimbilia kuhitimisha kuwa redio ndiyo ilikuwa kile kifaa, na wananchi walirogwa.

Hawakurogwa, na hata kipindi chenyewe hakisemi hivyo. Wanakijiji wa hadithi ile hawana kifaa chochote. Wanaziona sura za binadamu wenzao waziwazi, na bado wanawachukia kwa yale waliyoambiwa. Askari naye alikubali kwa hiari kupandikizwa, kisha akafutiwa kumbukumbu ya kukubali kwake. Huo ndio moyo wa hadithi, na ndio unaorukwa. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 1994, muuaji alimfahamu jirani yake kwa jina, na pale asipomfahamu alidai kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani, kile kilichoandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji. Mtafiti Scott Straus aliwahoji wafungwa waliokiri kuua, na wengi walieleza kuwa waliingia kwa kuitwa au kushurutishwa ana kwa ana na wenzao na viongozi wa mahali pao. Katika uliokuwa mkoa wa Cyangugu, Yussuf Munyakazi, mkulima tajiri wa Bugarama, aliongoza wanamgambo wa Interahamwe hadi parokia za Shangi na Mibilizi; mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu miaka 25 mwaka 2010. Kazi yake ilihitaji watu, silaha na uhakika wa kutoadhibiwa.

Nitajibiwa kwamba redio haikukosa athari, na ni kweli. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, alitiwa hatiani Arusha mwaka 2003, na ilistahili. Lakini redio haikusikika kila mahali: milima kama ya Bweyeye, kando ya Nyungwe, huzuia mawimbi ya redio. Mwanauchumi David Yanagizawa-Drott alitumia tofauti hiyo ya usikivu kulinganisha vijiji, na mwaka 2014 akakadiria kuwa matangazo yalisababisha takriban sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji. Sehemu moja ni damu nyingi mno. Lakini zile tisa zinataka maelezo, na mashine haiyatoi.

Kwa hiyo kuwakataza vijana tamthilia hizi, kana kwamba mashine ndiyo hatari, hakukingi lolote. Anayetaka kuelewa udhalimu atazame Andor, ambamo dola linaendeshwa na makarani wanaotafuta kupandishwa vyeo. Atazame Battlestar Galactica, msimu wa tatu, raia wanapovaa sare za polisi wa mvamizi. Atazame Babylon 5, ambamo kikosi cha watu wanaowachunguza wenzao kinajazwa kwa posho ya kila wiki. Katika kila kipindi muulizeni kijana nani alitia sahihi, nani alilipwa, na nani alikataa.