Mgeni wa bahari ajue maji kabla ya mashine

Mtu wa Kisauni hana haja ya kuonyeshwa bahari. Magharibi yake kuna mkono wa bahari wa Tudor unaopenya kwenye mikoko ya Junda na Mishomoroni. Kaskazini kuna ule wa Mtwapa unaoitenga Mombasa na Kilifi, na mashariki, ukishapita Bamburi na Shanzu, kuna bahari kuu iliyozuiwa na mwamba. Hata hivyo wakazi wengi wa hapa hawajawahi kushika kafi. Na anayeingiwa na hamu ya kuwa na chombo chake, la kwanza kuuliza huwa ni bei: boti ya faiba ni shilingi ngapi, na mashine ya farasi wangapi itatosha. Swali hilo limekuja mapema mno. Anachokosa mgeni wa bahari ni kuyajua maji na pepo, na elimu hiyo haifungwi pamoja na mashine dukani. Ndiyo maana anayeanza afadhali aanze kuwa baharia katika mtumbwi wa mtu mwingine, ndani ya maji yaliyositirika, kwa kafi, na habari za kununua zingoje angalau msimu mmoja.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia ya bandari yetu wenyewe. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na merikebu zilizokwisha kuizunguka Afrika kutoka Ureno. Hapa hakupatana na wenyeji. Akaenda Malindi, akapewa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Waliondoka Aprili 24, kusi ikianza kushika, na Mei 20 wakawa mbele ya Calicut, hata mwezi haujatimia. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Mapema Oktoba, kwa merikebu zile zile, aliiacha pwani ya Bara Hindi akakaa baharini karibu miezi 3 kabla ya kuiona tena Afrika, na mabaharia wengi wakafa njiani kwa kiseyeye. Vyombo havikubadilika, nahodha hakubadilika. Kilichobadilika ni msimu. Mvuvi yeyote wa Junda, hata asiyewahi kufunua ramani, angemshauri akae kitako mpaka Desemba.

Kwa anayeanzia Kisauni, lakini, maji yanatangulia pepo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja hivi, mwezi ukiwa nusu, huingia maji mafu: tofauti huwa ndogo, na saa zilizokuwa za kupwa huwa za kujaa. Katikati ya hapo saa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kwa siku. Mwenye kuyashika haya anaweza kutazama mwezi usiku akajua kesho atoke lini, kisha akahakikisha kwa jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Tena maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Mabaharia wa nchi nyingi hukadiria kwa mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, ya tano mafungu 2, ya sita fungu 1. Kwa tofauti ya mita 3, fungu moja ni sentimita 25, kwa hiyo saa ya tatu peke yake huondoa sentimita 75 za kina. Mgeni anayeyaona maji yametulia alasiri ya bamvua, akavuka taratibu kwenda upande wa Mikindani na kuanza safari ya kurudi saa kumi na mbili unusu, atakuta mkondo unakimbilia Daraja la Nyali, giza limeingia, na kijia cha mikokoni alichopitia kimekuwa matope matupu. Huko ndiko kupwelewa, na atakayepwelewa saa hizo atakuwa na mbu mpaka usiku wa manane.

Mashine huficha somo hili lote. Mwenye mashine ya farasi 15 huukata mkondo bila kuuhisi. Hajui kama maji yalikuwa yakimsaidia au yakimpinga mpaka siku petroli inapoisha au pangaboi inapogonga jiwe. Mwenye kafi huyapokea maji mabegani. Baada ya safari chache anajua mwenyewe kuwa mkondo ni dhaifu pembeni kuliko katikati, na kwamba anayetaka kuvuka huelekeza omo juu ya mkondo ili asishukie mbali. Yapo majibu kwa hoja hii, na la kwanza ni kwamba mashine ndiyo usalama wenyewe, kwani upepo ukigeuka unarudi upesi. Lina ukweli, na nje ya mwamba hakuna mwenye akili atakayempeleka mwanagenzi kwa kafi. Lakini usalama wa chombo huanzia kwenye uzani wake. Feri iliyopinduka Mtongwe Aprili 29, 1994 ilikuwa na injini, tena ilikuwa ndani ya Kilindini karibu kabisa na nchi kavu. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Mtumbwi, unaotikisika abiria akigeuka tu kutazama nyuma, hufundisha uzani siku ya kwanza: kaa chini, kaa katikati, usisimame ghafla, usimwongeze mtu kwa kuona haya kumkatalia.

Jibu zito zaidi linahusu mwalimu. Mvuvi, watasema, hufanya bila kueleza, na mara nyingi mwenyewe havai jaketi okozi. Mtu ajifunze hatari kwake? Hapa sharti tukubali. Ustadi wa mvuvi unastahili kuigwa, mazoea yake mengine la. Jaketi livaliwe toka bandarini, upo wa kufulia maji uwemo, na simu ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kumpata nahodha wa kuaminika ni kazi ya kuulizia kwenye kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile kinachojulikana kwa jina la BMU. Vikundi hivyo vina kanuni tangu 2007, na viongozi wake wanajua chombo cha nani kinavuja na nahodha yupi hunywa. Mwanagenzi alipe ujira. Kumtoa mtu kwenye uvuvi wake ni kumkatia riziki. Cheti nacho kina mahali pake. Atakayetaka kuchukua abiria atakutana na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, kwa ukaguzi wa chombo na leseni ya nahodha, na asiichukie safari hiyo. Ila mtihani hauwezi kumpa mtu hisi ya mkondo ambao hajawahi kushindana nao.

Kuogelea hakuna mjadala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na asiyejua kuogelea aanzie hapo, Bamburi maji yakiwa ya kifuani, kabla ya kuutazama mtumbwi wowote. Pingamizi la uchafu pia ni la haki: maji taka ya mji huingia Tudor, na baada ya mvua kubwa hali huzidi. Siku hizo zipite bila safari. Anayeona kinyaa kabisa aende upande wa mwamba kati ya Nyali na Shanzu, akikumbuka kuwa sehemu ya maji hayo imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa 1986, ambamo uvuvi ni marufuku, na kwamba bamvua likipwa mawe hutokeza kila mahali.

Wakati wa kuanza ni malelezi ya Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imekata na kaskazi bado haijajikaza. Mwezi wa kwanza utoshe kwa kafi na upondo katika maji mafu tu. Bamvua lifuate, kwanza kwa kulitazama kutoka nchi kavu saa sita nzima, toka kujaa hadi kupwa. Tanga, pamoja na shughuli yake ya foromali, demani na kubisha, lingoje Januari, kaskazi inapokuwa ya kutegemewa. Kufikia Machi atakuwa anajua kama anataka chombo cha kuvulia, cha kutembelea au cha biashara, na vyombo hivyo vitatu havifanani. Wengine watagundua kuwa hawataki chombo chochote, wanataka tu kualikwa Jumapili. Hao watakuwa wamejiokolea fedha nyingi. Aliyebaki na hamu sasa aulize bei, na akienda kukagua mtumbwi au boti iliyokwisha kutumika aende maji yakiwa yamepwa, chombo kikiwa kimelala mchangani, ili aone chini yake penye kalafati na viraka.