Chai ya kijani iliyokaangwa yafaa staftahi

HOJICHA ni chai ya kijani ambayo, tangu miaka ya 1920 jijini Kyoto, Japani, hukaangwa hadi majani yawe ya hudhurungi. Moto hupunguza ukakasi na kuacha harufu inayokaribia ya karanga.

Kwa bakuli moja la asubuhi, mpishi husaga ndizi mbivu mbili zilizogandishwa, kijiko kidogo cha unga wa hojicha na robo kikombe ya maziwa. Hapa ndipo wengi hukosea: maziwa yakizidi, rojo hugeuka kinywaji. Lazima liwe zito, lilike kwa kijiko, kisha lipambwe kwa njugu.

Anayetumia vidonge vya madini ya chuma asivimeze wakati huo, kwani tanini za chai huzuia mwili kufyonza madini hayo.