Kabla ya kurusha jiwe, chukua kwanza foto

Katika vijiji vingi vya milima ya Kivu, ndege yeyote mwenye mdomo wa kupinda anaitwa kipanga, na kipanga njo mwizi wa kuku. Akitua karibu na shamba, watoto wanaokota mawe. Lakini ndege hawa hawana kazi moja. Kuna wenye kubeba vifaranga, na kuna wenye kula panya walewale wanaotoboa mifuko ya mahindi katika depo yetu. Tukiwafukuza wote, panya ndio watafurahi.

Kwa kuwatofautisha inaomba kuangalia kwa subira, na telefone yenye kamera inasaidia sana.

Tuanze na yule mweusi mwenye kishungi. Ni tai wa kadiri. Anakaa juu ya mkaratusi ao mti mkavu pembeni ya shamba, muda mrefu bila kuhama, manyoya ya kichwani yakiyumba na upepo kama kofia ya sikukuu. Macho yake yanatazama chini tu. Chakula chake karibu chote ni panya. Huyu hana kesi na kuku wako.

Mwingine ana mgongo mweusi, kifua cheupe na mkia mwekundu kama tofali. Wako weusi mwili mzima, lakini mkia unabaki mwekundu. Anakula panya, fuko, mijusi na nyoka. Kifaranga kilichoachwa wazi anaweza kukibeba, tusidanganyane, lakini kazi yake ya kila siku si hiyo. Halafu kuna mdogo, kama njiwa, rangi ya majivu, mabega meusi, macho mekundu. Anapiga mabawa akiwa amesimama palepale hewani, kisha anaanguka juu ya panya.

Mwizi mwenyewe ni wa rangi ya udongo, mdomo wa manjano, mkia wenye pembe mbili. Utamuona sokoni na kwenye machinjio. Kwa huyu, funika vifaranga na kitunga mpaka wakomae kidogo, na uache vichaka karibu na nyumba wapate pa kujificha.

Na bundi? Tunajua vile watu wanasema juu yake. Lakini bundi anameza panya mzima, kisha anatapika donge la manyoya na mifupa. Tafuta donge hilo chini ya mti anapolala, lilowanishe, lifungue na kijiti, uhesabu vichwa vya panya. Piga foto na uonyeshe kwenye mkutano. Itamaliza mabishano kuliko maneno.

Kwa foto ya ndege mwenyewe, toka asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Chukua moja ukiwa mbali, kisha sogea polepole, bila kumwendea moja kwa moja. Usivute picha sana na kamera, inaharibika. Ndege mdogo lakini anayeonekana wazi anatosha. Usipande kwenye kiota, wazazi wanaweza kuacha mayai. Na usiinue telefone karibu na barieri ao kambi ya askari, hata tai akae juu ya nguzo yao. Utaeleza mpaka jioni.

Jambo zito ni dawa ya panya. Dawa nyingi haziui siku ileile. Panya anabaki siku kadhaa akitembea kama mlevi, hata mchana, na ndege anamkamata kirahisi. Sumu inapita kwake. Ukiweza, tumia mitego, na funga bati kwenye miguu ya gala ili panya ashindwe kupanda. Kama dawa imeshawekwa, okota panya waliokufa kila asubuhi bila kuwashika na mkono mtupu, uwazike chini sana.

Ukikuta ndege mkubwa amekufa karibu na shamba bila kidonda, usimle wala usimpe mbwa. Chukua foto, andika tarehe na mahali, na umuite agronome wa kooperative mbele ya kumzika.