Kwa Nini Chui Hufuata Mbuzi Zizini

Katika misitu ya Aberdare, nchini Kenya, chui hupenda kuwinda wanyama wa kadiri, kama vile pongo na funo. Pongo mmoja humtosha kwa siku kadha, na masalio yake humfaa fisi, ingawa naye huwinda.

Serikali ilipiga marufuku uwindaji katika mwaka wa 1977, lakini mitego ya waya ingali ikitegwa kwa siri, nayo huwanasa wanyama wale wale wamfaao chui. Pongo wakipungua, chui hana budi kula panya, pelele na ndege. Windo dogo haliwezi kumshibisha. Humbidi kuwinda mara nyingi zaidi, wala habakizi kitu cha kumfaa fisi. Ndipo wote wawili hukaribia mashamba: chui akivizia mbuzi na mbwa, fisi akitafuta kondoo na mizoga.

Kwa hiyo mtego wa msituni humletea hasara mfugaji asiyeutega. Zizi lililoezekwa na kufungwa imara humsaidia usiku. Lakini dawa ya kudumu ni kuwapasha askari wa wanyama pori habari za mitego, ili pongo wapate kuongezeka.