Gari linazima ukisimama? Anza na njia ya hewa

Gari linalozima kila linapofika kwenye taa, iwe London au Dar es Salaam, si kero tu. Injini ikizima, usukani huweza kuwa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara chache nayo huwa ngumu.

Tunawashauri wasomaji wasikubali kuuziwa pampu ya mafuta kabla ya njia ya hewa kukaguliwa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, injini ya petroli hupumua kupitia upenyo mdogo tu, na huzunguka kama mara 600 hadi 900 kwa dakika. Masizi yakiuziba, inakosa pumzi. Tiba yake ni kopo la dawa ya kusafishia, injini ikiwa imezimwa.

Kama linazima pale tu unapokanyaga breki, shuku buster au mpira wake wa hewa. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa, ishikilie, kisha washa. Pedeli isipozama kidogo, hitilafu ipo hapo.

Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha ni bandu bandu, na gogo linaloisha ni ile pesa ambayo ingetumwa nyumbani.