Kanda 1,000 tu, Chile nzima ikasikia

Wewe unayelia kila siku kwamba hujapata mdhamini, hebu sikia ya washikaji hawa. Los Prisioneros, yaani Wafungwa, walikuwa vijana watatu wa San Miguel, mtaa wa watu wa kawaida jijini Santiago: Jorge González besi na sauti, Claudio Narea gitaa, Miguel Tapia dramu. Walikutana shuleni.

Desemba 1984 wakaachia albamu ya kwanza, La voz de los '80. Kampuni kubwa haikuwemo. Meneja wao, Carlos Fonseca, aliitoa kwa lebo ndogo yenye jina la duka la muziki, Fusión. Kanda zenyewe? 1,000 basi!

Na usidhani walijificha kwenye mapenzi. Jenerali Pinochet alikuwa madarakani tangu 1973, watu wakikamatwa na kupotea, halafu madogo hawa wanaimba kwa Kihispania cha mtaani wakiisuta televisheni na kuwacheka wapiga gitaa wanaojifanya wanaharakati huku wakitaka kumpendeza kila mtu. Vyombo vichache, rekodi kavu. Kwangu mimi ukavu huo ndio utamu. Ujumbe haukumezwa na mbwembwe.

1985 EMI wakaja na mkataba, wakaitoa upya. Lakini midomo ina gharama zake bwana: 1988 walipotangaza hadharani kuwa wako upande wa "Hapana" kwenye kura ya kumwongezea Pinochet muda, maonyesho yao kibao yakafutwa.

Oktoba 5 mwaka huohuo, kura zikahesabiwa. Hapana ikashinda.